Watu wanaongezeka, bajeti iongezeke wapi?

Kila mwaka ifikapo Juni, bajeti inaposomwa, hoja moja hurudi: watu wameongezeka, kwa hiyo fedha za Serikali nazo lazima ziongezeke. Tunaisikia bungeni, tunaisikia redioni, na tunaisikia kwenye meza za chai pale Biryogo. Si hoja ya kubezwa. Nyumba ikipata mtoto wa nne, sufuria ya maharage iliyotosha watoto watatu haitoshi tena. Hata hivyo gazeti hili linaona kwamba hoja hiyo, ikiachwa ilivyo, inaficha mambo mengi. Serikali ina sufuria nyingi, na si zote zinazopaswa kukua kwa kila mtoto anayezaliwa. Nyingine zilitakiwa ziwe zimeshakua kabla hajazaliwa, na nyingine hazina sababu ya kukua hata kidogo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mjadala huu mara nyingi huendeshwa bila hesabu. Sensa ya 2012 iliikuta Rwanda ina watu milioni 10.5. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta watu 13,246,394. Hilo ni ongezeko la watu milioni 2.7 katika miaka kumi, yaani kama asilimia 26, au asilimia 2.3 kwa mwaka. Katika muda huo huo bajeti ya Serikali ilitoka takriban faranga bilioni 1,380 mwaka wa fedha 2012/13 hadi bilioni 4,658 mwaka 2022/23. Watu waliongezeka kwa robo, bajeti ikaongezeka zaidi ya mara tatu. Ukigawa kwa vichwa, kila mkazi wa nchi hii alikuwa na faranga 131,000 za bajeti mwanzoni mwa muongo ule na kama 352,000 mwishoni.

Mwezi Juni 2025 Waziri wa Fedha na Mipango ya Uchumi, Yusuf Murangwa, aliwasilisha bajeti ya 2025/26 ya faranga bilioni 7,032.5. Tukichukulia kwamba wakati huo tulikuwa tumefika watu milioni 14, fungu la kila mmoja lilikuwa kama faranga 500,000. Mtu akiishia hapo atasema bajeti imewapita watu mbali sana, sasa lalamiko liko wapi?

Lalamiko liko kwenye thamani ya faranga yenyewe. Katikati ya 2012 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa faranga 610 hivi. Katikati ya 2022 ilikuwa imevuka 1,000, na Juni 2025 ilikuwa imevuka 1,400. Kwa hiyo fungu la kila mkazi lilikuwa kama dola 215 mwaka 2012, likafika kama dola 345 mwaka 2022, na mwaka 2025 likawa kama dola 350. Ule mruko kutoka faranga 352,000 hadi 500,000, tunaoutangaza kwa fahari, kwa dola ni hatua moja ndogo. Ni kweli kwamba si kila kitu hununuliwa kwa dola. Mshahara wa mwalimu wa Nyaruguru na viazi vya Musanze hulipwa kwa faranga. Lakini dawa, mafuta ya gari, mashine za hospitali na riba ya mikopo ya nje havijui faranga.

Hata tukiiacha dola na kubaki sokoni Kimironko, hesabu haiwi nyepesi. Mwaka 2022 na mwaka 2023 bei mijini zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 14 kila mwaka. Bajeti ya 2023/24 ilikuwa bilioni 5,030, ongezeko la asilimia 8 juu ya ile iliyotangazwa mwaka uliotangulia. Ongeza na watu wapya wa asilimia mbili na ushei. Kwa lugha nyepesi, mwaka ule bajeti iliongezeka kwenye karatasi na kupungua kwenye mfuko wa kila mtu, wala hakuna aliyesimama bungeni kusema tumepunguza. Punguzo la namna hiyo halipigiwi kura, na ndiyo maana ni hatari kuliko lile linalotangazwa.

Msimamo wetu wa kwanza unatokana na hapo. Zipo huduma ambazo lazima zifuate idadi ya watu na bei kwa pamoja, mwaka hadi mwaka, bila kusubiri hisani ya waziri yeyote. Chakula cha shule ni mojawapo. Mpango huo ulipanuliwa mwaka 2021 kuwafikia wanafunzi wa ngazi zote, na mzazi wa mtoto wa shule ya msingi ya umma amepangiwa kuchangia faranga 975 kwa muhula, na mzigo mkubwa unabebwa na Serikali. Kila mtoto anayeongezeka darasani ni sahani moja zaidi. Hakuna ufundi wa utawala unaoweza kulisha watoto 1,100 kwa maharage ya watoto 1,000 bila kila mmoja kupunguziwa. Bei ya maharage ikipanda na fungu likabaki pale pale, mpishi hataandika barua wizarani. Ataongeza maji.

Chanjo ni hivyo hivyo, vitabu ni hivyo hivyo, na ruzuku ya bima ya afya ya jamii, ile tunayoiita mituweli, ni hivyo hivyo. Mwaka 2000 wanawake 1,071 walikuwa wakifa kwa kila uzazi hai 100,000. Utafiti wa afya wa 2019/20 ulikuta 203. Mafanikio hayo yamesimama juu ya vituo vya afya vyenye wakunga, dawa na gari la wagonjwa linalofika. Idadi ya wajawazito wanaofika kituoni ikipanda na mkunga akabaki mmoja, takwimu hiyo itaanza kurudi nyuma kimya kimya. Mpango ulioanzishwa 2023 wa kuzidisha wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne ulianza kwa kukiri jambo hilo. Tulikuwa na mhudumu mmoja hivi kwa kila watu 1,000, wakati Shirika la Afya Duniani linataka wanne.

Lakini msomaji aangalie mfano huo vizuri. Kuzidisha wahudumu mara nne si kufuata idadi ya watu, kwa sababu watu hawakuzidi mara nne. Vivyo hivyo Agosti 2022 mishahara ya walimu wa shule za msingi wenye cheti cha A2 iliongezwa kwa asilimia 88. Hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa kwa sababu ya nyongeza ile, na bado ilikuwa moja ya nyongeza za haki zaidi katika bajeti za miaka ya karibuni. Mtu anayesema bajeti ikue sawasawa na watu, bila kujua, anasema pia kwamba huduma ibaki katika hali ile ile iliyokuwa nayo. Kwa nchi iliyoanza chini kama yetu, huo ni ushauri mbaya. Asilimia 2.3 kwa mwaka ingetuacha na walimu wale wale wenye mishahara ile ile ya kudhalilisha, tofauti ikiwa tu kwamba wangekuwa wengi zaidi.

Sasa upande wa pili, ambao wasemaji wa Juni huupita haraka. Ofisi hazizai. Januari 2006 nchi hii ilifanya jambo ambalo majirani wengi wanalitamani na kuliogopa. Mikoa 12, Kigali ikiwemo, ilipunguzwa ikabaki minne na Jiji la Kigali. Wilaya zilitoka 106 zikawa 30, na mirenge 1,545 ikawa 416. Katika miaka ile ile magari mengi ya Serikali yalichukuliwa kwa maofisa na kupigwa mnada. Wakati huo tulikuwa watu milioni tisa hivi. Leo tumekaribia au kuvuka milioni 14, na wilaya bado ni 30. Je, mwananchi wa leo anapata cheti cha kuzaliwa au hati ya ardhi kwa shida kuliko wa 2004? Hasha. Kwa sehemu kubwa ya huduma za karatasi, Irembo na simu ya mkononi vimefanya kazi ambayo kwingineko imeajiriwa watu.

Tazama upande wa pili wa mpaka wa Gatuna. Uganda ilikuwa na wilaya zisizofika 50 katika miaka ya 1990. Leo zinazidi 130, ukiacha majiji mapya, na Bunge lake lina wabunge zaidi ya 500. Sensa ya 2024 ilikuta Waganda milioni 45.9, kwa hiyo watu wameongezeka kweli kweli. Lakini wilaya mpya haileti mwalimu. Inaleta mwenyekiti, ofisa mtendaji, jengo, gari na bendera. Mwaka 2024 Serikali ya Kampala yenyewe ilianza kuunganisha na kufuta mashirika na mamlaka zake kadhaa kwa sababu gharama zilikuwa zimekula kilichokusudiwa kwa wananchi. Tunasema haya bila kejeli. Kishawishi hicho kipo hapa pia. Hakijaja kwa sura ya wilaya mpya, kinakuja kwa sura ya bodi, mamlaka, washauri, na semina za siku tatu kwenye hoteli za pembeni mwa ziwa.

Kuna sehemu ya tatu, na hapo ndipo tunapoona Serikali yetu imechelewa zaidi. Wastani wa taifa unasema asilimia 26 katika miaka kumi, lakini hakuna Mnyarwanda anayeishi kwenye wastani wa taifa. Kati ya 2012 na 2022 Gasabo ilitoka watu kama 530,000 hadi 879,505, ongezeko la asilimia 66. Bugesera ilitoka kama 362,000 hadi 551,103, zaidi ya nusu. Wakati huo huo Nyaruguru na Nyamagabe hazikufika hata asilimia 10. Watu wanazaliwa kusini na magharibi, wanakwenda kufanya kazi mashariki na Kigali. Bajeti inayofuata hesabu ya jana huwapelekea madarasa mahali walikotoka.

Anayetaka kuona maana yake apande basi la asubuhi kwenda Bumbogo, Kinyinya au Masaka. Nyumba zimekuja kwanza, barabara inafuata, maji yanafuata barabara, na shule ni ya mwisho. Kufikia wakati Serikali inapotaka kiwanja cha shule, bei ya ardhi imepanda mara kadhaa na fidia inakula fungu la ujenzi kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kiwanja hicho hicho kingenunuliwa miaka minane kabla, mpango mkuu wa jiji ulipokuwa tayari umeonyesha kwamba mtaa utafika pale, kingegharimu sehemu ndogo tu. Kwa hiyo katika maji, barabara, ardhi ya shule na ardhi ya zahanati, kusema bajeti ikue pamoja na watu ni kusema tuchelewe kwa mpangilio. Hapo fedha zinatakiwa kuwatangulia watu.

Mwaka 2020, wakati shule zimefungwa kwa sababu ya korona, nchi ilijenga madarasa 22,505, sehemu yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ilikuwa kazi kubwa na wananchi walijitolea kwa mikono yao. Lakini idadi ile ilikuwa pia kipimo cha deni lililokuwa limejilimbikiza. Madarasa elfu ishirini na mbili hayawi pungufu kwa mwaka mmoja. Yalipungua kidogo kidogo, bajeti moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imeongezeka kwenye karatasi. Na mpaka leo zipo shule ambazo watoto wa madarasa ya chini husoma kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana, mwalimu akiwa yule yule.

Basi kwa nini tusiandike sheria kwamba bajeti ya kila eneo ifuate vichwa, tukamaliza ugomvi? Wenzetu wa Kenya wamejaribu kitu karibu na hicho, na uzoefu wao unafaa kusomwa. Katiba yao ya 2010 inataka kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na mgawo wa kila kaunti huamuliwa kwa fomula. Katika fomula ya kwanza idadi ya watu ilibeba asilimia 45. Mwaka 2020, fomula mpya ilipopelekwa Seneti, mambo yalikwama kwa wiki nyingi. Maseneta wa kaunti zenye watu wengi walipiga mbiu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Wale wa kaunti kame na pana wakauliza swali lisilo na jibu rahisi: je, barabara ya kilomita 100 inakuwa nafuu kwa sababu wanaoishi kandokando yake ni wachache? Ugomvi uliisha Septemba ya mwaka ule, na haukuisha kwa upande mmoja kushinda hoja. Uliisha kwa ahadi ya kuongeza fungu zima hadi shilingi bilioni 370 ili asiwepo wa kupoteza.

Yapo na madhara mengine. Fedha zikifungwa kwa vichwa, vichwa vinakuwa fedha, na sensa inakuwa uwanja wa mapambano. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 kwa Mandera, Wajir na Garissa, baada ya malalamiko kwamba watu wa huko walihesabiwa pungufu. Nigeria imepita njia hiyo tangu miaka ya 1960, ikafuta sensa zaidi ya moja, na haijahesabu watu wake tangu 2006.

Na jirani yetu wa magharibi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alihesabu watu kwa mara ya mwisho mwaka 1984, walipokuwa milioni 30 hivi. Kichanga aliyehesabiwa mwaka ule leo amevuka miaka 40 na huenda ana wajukuu. Leo inasemwa kwamba Wakongo wamevuka milioni 100, lakini hayo ni makisio juu ya makisio. Huko swali la bajeti kufuata watu haliwezi hata kuanza kujibiwa. Sisi tunaohesabiwa kila miaka kumi tujue tuna mali ambayo wengine hawana, na tuitumie.

Jambo la kando, lakini linaligusa gazeti lililoanzishwa kwa ajili ya utangamano wa kanda hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe kwa miaka mingi imeishi bila kuhesabu vichwa. Kila nchi mwanachama imekuwa ikitakiwa kuchangia sawa, Burundi sawa na Kenya, na kila nchi hupeleka wabunge tisa Arusha, Kongo sawa na Rwanda. Usawa huo ni mzuri kwa heshima na mbaya kwa hazina. Madeni ya michango yamewahi kulisimamisha Bunge la Afrika Mashariki lisikae. Mwishoni mwa Novemba 2024 wakuu wa nchi walikubali mkondo wa kati, asilimia 65 ya bajeti ichangwe sawa na 35 kwa uwezo wa uchumi wa kila nchi. Angalia kwamba hata hapo walichagua kipato, hawakuchagua idadi ya watu. Tunadhani walichagua sawa.

Wapo wachumi watakaotumia mfano huo kusema kwamba bajeti yoyote inapaswa kufuata uchumi, na habari ya watu ijitafutie njia. Uchumi ukikua, kodi inakua, matumizi yanakua. Ukinywea, kaza mkanda. Ni hoja safi kwenye ubao wa chuo. Mwaka 2020 uchumi wetu ulinywea kwa asilimia 3.4, na mwaka huo huo watoto walizaliwa kama kawaida na wagonjwa walikuwa wengi kuliko kawaida. Serikali iliyokaza mkanda kwa kanuni hiyo ingewaacha watu wakati walipoihitaji zaidi. Uchumi unatuambia tunachoweza kulipa. Hautuambii tunachodaiwa na mtoto aliyeko darasani leo.

Na watoto wenyewe wanabadilika kwa idadi. Mwaka 2005 mwanamke wa Rwanda alikuwa akizaa kwa wastani watoto 6.1. Kufikia 2019/20 wastani ulikuwa 4.1. Jumla ya watu itaendelea kupanda kwa miaka mingi, kwa sababu wasichana waliozaliwa zamani sasa ndio mama, lakini umbo la jamii linageuka: watoto wachache kwa kila mtu mzima, vijana wengi wanaotafuta kazi, na baadaye wazee wengi. Bajeti inayotazama jumla tu haioni mgeuko huo. Tangu Januari 2025 michango ya pensheni imepandishwa kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi 12, na wafanyakazi wamelalamika, wana haki ya kulalamika. Lakini huo ni mfano wa nadra wa Serikali kuhesabu watu wa miaka thelathini ijayo kabla hawajafika dirishani. Tungependa kuona hesabu ya namna hiyo kwenye vyuo vya ufundi pia. Kwa vijana hawa miaka ya kujiandaa ni michache na haitarudi.

Hatuwezi kulizungumzia suala la idadi ya watu nchini Rwanda bila kukumbuka lilivyotumiwa. Katika miaka ya 1980 watawala wa wakati ule waliwaambia wakimbizi waliokuwa Uganda, Tanzania, Burundi na Zaire kwamba nchi imejaa, hakuna nafasi ya kurudi. Nchi ilikuwa na watu pungufu ya nusu ya waliopo leo. Hesabu ya watu ikageuzwa kuwa ukuta, na matokeo yake tunayajua. Ndiyo maana gazeti hili lina wasiwasi kila linaposikia msemaji, awe wa Serikali au mfadhili, akianza kuwataja Wanyarwanda kama mzigo unaoilemea bajeti. Nchi ile iliyosemwa imejaa kwa watu milioni sita leo inawalisha zaidi ya mara mbili yao, na inawasomesha vizuri zaidi.

Inawalisha kwa fedha za nani? Hapa tuseme wazi. Katika ile bajeti ya bilioni 7,032.5, mapato ya ndani ni bilioni 4,105, kama asilimia 58. Misaada imebaki asilimia 8. Mikopo ya nje ni bilioni 2,152, yaani faranga tatu katika kila kumi. Sehemu kubwa ya ongezeko la mwaka ule wa fedha ilipangiwa uwanja mpya wa ndege wa Bugesera na upanuzi wa RwandAir. Hatupingi uwanja. Nchi isiyo na bahari ina haki ya kutafuta mlango wake angani. Tunachokataa ni ongezeko la namna hiyo kuelezwa kwa wananchi kana kwamba limekuja kwa sababu wameongezeka. Mtoto wa shule ya Bumbogo anayesoma kwa zamu hajapata faranga hata moja katika ongezeko hilo, ila atakuwa miongoni mwa watakaolilipa.

Majirani wamekwisha kuonja ladha yake. Wiki ile ile ya Juni Kenya ilisoma bajeti ya shilingi trilioni 4.29, Uganda trilioni 72.4, Tanzania trilioni 56.5. Kwa hesabu ya haraka Mkenya ana zaidi ya dola 600 za bajeti, Mganda zaidi ya 400, Mtanzania zaidi kidogo ya 300. Ukitazama namba hizo peke yake utasema Mkenya ana raha kutushinda. Lakini sehemu nono ya fedha za Nairobi na Kampala inakwenda kulipa na kuzungusha madeni kabla haijamfikia mtu. Ilipojaribiwa kuzibwa kwa kodi mpya, tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia hadi ndani ya Bunge, na muswada wa fedha ukaondolewa. Mkataba wa Umoja wa Fedha tuliousaini Kampala Novemba 2013 uliweka mipaka: deni lisizidi nusu ya pato la taifa kwa thamani ya sasa, nakisi isizidi asilimia 3. Sarafu ya pamoja iliyoahidiwa 2024 imesogezwa hadi 2031, na mipaka hiyo kila nchi huitaja inapoifaa.

Tunaomba mambo machache, na hayahitaji sheria mpya. Waziri anapowasilisha bajeti, aambatanishe jedwali moja la ukurasa mmoja: fungu la kila mkazi, kwa kila wilaya, kwa bei za mwaka ule ule wa kulinganishia, elimu peke yake, afya peke yake, maji peke yake, utawala peke yake. Taasisi ya Taifa ya Takwimu ina hesabu zote hizo kabatini. Mbunge akiona kwamba utawala umepanda kwa kila kichwa na chakula cha shule kimeshuka, atajua pa kuuliza. Akiona Gasabo inapata pungufu ya Nyaruguru kwa kila mwanafunzi, atauliza pia, na huenda jibu likawa zuri, maana milima ya Nyaruguru ina gharama zake.

Chakula cha shule, chanjo na ruzuku ya mituweli viwekewe sakafu: visishuke kwa kila kichwa baada ya kutoa kupanda kwa bei, hata mwaka wa dhiki. Fedha za sakafu hiyo zitoke kwanza kwenye safari, semina, washauri na magari, na zikiwa hazitoshi ndipo tuzungumze habari ya kodi. Mwaka 2025 tayari bia, muda wa maongezi na simu za mkononi viliongezewa kodi, na mwenye kibanda cha vocha Nyabugogo ameshachangia zamu yake.

Kila Februari bajeti hurudi bungeni kufanyiwa marekebisho. Safari ijayo Kamati ya Bajeti ianze na Gasabo na Bugesera, iulize viwanja vingapi vya shule vimenunuliwa katika mirenge ambayo ramani ya jiji inaonyesha itajaa kufikia sensa ya 2032, na kwa bei gani.